Trekta la ukubwa gani linafaa shamba la mlima, mawe na miti huku Buchosa?

Mwalimu Mstaafu wa Buchosa

Habari zenu ndugu zangu. Ninaomba ushauri wa watu waliokwisha kuendesha, kununua au kutengeneza matrekta katika maeneo ya milima, kwa kuwa maelezo mengi ninayoyapata yanahusu mashamba ya tambarare ambayo hayafanani na langu hata kidogo.

Baada ya kustaafu nimerudi kwenye ardhi ya familia katika Halmashauri ya Buchosa, upande wa ziwani, yenye ukubwa wa ekari 26. Ekari kama 8 ziko bondeni, ambako udongo ni mweusi na mzito, na huko tunalima mpunga pamoja na mahindi kidogo. Ekari 10 ziko kwenye mteremko wa udongo wa kichanga tunakopanda mihogo, viazi vitamu na mananasi. Humo mna visiki vya zamani na mawe yetu haya ya kanda ya ziwa, mengine makubwa kama nyumba, mengine yamejificha sentimita chache chini ya udongo yakisubiri jembe. Sehemu iliyobaki, ambayo ndiyo ya juu kabisa, ni ya miti: mikaratusi aliyoipanda marehemu baba, na nyuma yake miti ya asili ambayo ukoo umeitunza kama ngitili, yaani eneo la hifadhi ya malisho na miti, tangu nikiwa mtoto. Njia ya kupanda huko ni moja tu, nyembamba, nayo inapita katikati ya mawe mawili ambayo hakuna namna ya kuyasogeza.

Kazi ninazozitarajia ni kulima na kupiga haro, kupandisha samadi na mapipa ya maji, kushusha magogo na nguzo, na kufyeka vichaka kwenye mipaka. Kwa sasa nimeonyeshwa trekta lililotumika la nguvu za farasi (HP) 50, linalovuta kwa magurudumu ya nyuma pekee. Jirani yangu, ambaye analima mpunga kwa miaka mingi na ninamheshimu, ananisihi nisihangaike na kitu kidogo bali nichukue la HP 75 au hata 85, kwa hoja kwamba nguvu ikizidi haidhuru, lakini ikipungua utajuta kila msimu. Kijana wangu naye anaona pawatila moja, yaani kile kitrekta cha magurudumu mawili cha kuongozwa kwa mikono, ingetosha, na fedha inayobaki tukachimba kisima.

Kiinua mgongo hakiji mara mbili. Ninawaomba mnisaidie kufikiri kabla sijalipa.

Dereva wa Magu

Shikamoo Mwalimu. Nimeendesha matrekta ya watu kwa miaka 22 kati ya Magu, Misungwi na Sengerema, na katika miaka hiyo sijawahi kukwama mlimani kwa sababu injini imeishiwa nguvu. Nimekwama kwa sababu matairi yameteleza, au kwa sababu nimeona trekta linaanza kuinama upande nikasimama na kushuka. Maneno ya jirani yako ni ya kweli kabisa kwenye mbuga, ambako jembe limezama kwenye udongo mzito na trekta linasafiri mita mia tano bila kugeuka. Mlimani mambo yanabadilika: kabla nguvu ya injini haijaisha, mshiko wa matairi unakuwa umeisha zamani, na kabla mshiko haujaisha unaweza ukawa umekwisha kupinduka. Kwa hiyo swali la HP ngapi liwe la mwisho. La kwanza liwe trekta linasimama vipi, na la pili ni magurudumu mangapi yanayovuta.

Trekta la magurudumu manne yanayovuta, yaani lile ambalo mafundi huliita 4WD, litakusaidia wakati wa kupanda, lakini faida yake kubwa zaidi ni wakati wa kushuka. Matrekta mengi ya aina yetu yana breki kwenye magurudumu ya nyuma tu. Ukiwa unateremka, uzito unahamia mbele, nyuma kunakuwa kwepesi, na hapo ndipo matairi yanapoburuzika yakiwa yamefungwa. Ukiweka gia ya 4WD kabla hujaanza kushuka, magurudumu ya mbele nayo yanashikwa na injini, na trekta zima linajizuia. Kumbuka pia kufunga pamoja zile pedali mbili za breki, kwa kuwa shambani tunazitenganisha ili kukata kona kali, na dereva akisahau kisha akakanyaga moja akiwa mteremkoni, trekta linazunguka papo hapo. Gia ya kushukia iwe ileile ambayo ungeipandia ukiwa na mzigo huohuo, na mguu usiguse klachi mpaka umefika chini.

Kuhusu upana kuna mvutano ambao huwezi kuukwepa, nao ni huu. Kwenye mteremko unataka magurudumu ya nyuma yakae mbalimbali ili trekta lisipinduke kirahisi, lakini katikati ya mawe yako mawili unataka trekta jembamba. Matrekta mengi yanaruhusu kubadili umbali huo kwa kugeuza rimu, kazi ambayo mafundi wawili wenye jeki nzuri wanaimaliza kwa siku moja. Nenda kapime pengo kati ya mawe hayo kwa futi kamba, lakini usipime chini tu, pima mpaka usawa wa kifua, kwa sababu mawe yetu mara nyingi yana tumbo. Kipimo hicho ndicho kitakachokuambia ukubwa wa juu wa trekta lako, hata kabla ya fedha. Ninaamini ukishapima, lile la HP 85 litakuwa limejiondoa lenyewe.

Miti ina mashaka yake pia. Bomba la moshi lililosimama wima litanasa kila tawi, kwa hiyo ukipata lenye bomba linalopita chini au ubavuni ni heri zaidi. Rejeta iwe na wavu mzito mbele yake. Vali za matairi zigeuziwe upande wa ndani au zifunikwe kwa chuma, maana kisiki kimoja kinaikata vali kama wembe, na kutoka huko juu hadi kwa fundi wa matairi ni safari. Kagua kilicho chini ya injini: kama sampu, yaani beseni la oili ya injini, iko wazi na iko chini, agiza bamba la chuma la kuikinga kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Kwa jembe, chukua plau la diski, siyo lile la wembe. Diski ikikutana na jiwe au mzizi inapanda juu yake na kushuka upande wa pili, wakati plau la wembe litakamata, na kitakachovunjika kitategemea bahati.

Kijana wako nisimvunje moyo, kwani pawatila ni chombo kizuri sana kwenye majaruba. Lakini kwenye mteremko ina tabia moja ambayo imeumiza watu: zile za kugeuza kwa kubana klachi za mkono, ukiwa unashuka, zinageuka kinyume. Unabana ya kulia ukitaka kwenda kulia, gurudumu lililoachiwa linakimbia kwa uzito wake, na chombo kinakwenda kushoto. Ukiwa na tela nyuma hutapata muda wa kujisahihisha.

Bwana Shamba Mstaafu, Misungwi

Mwalimu, ninaungana na dereva, nami nitaongeza upande wa udongo na hesabu, kwa kuwa nilifanya kazi ya ugani katika wilaya hizi na nimeona fedha za watu zikizikwa kwenye vyuma visivyolingana na ardhi yao.

Unachokieleza ni mpangilio uleule ambao wazee wa Kisukuma waliutambua na kuupa majina kabla yetu. Juu, karibu na mawe, kuna luseni, udongo mwepesi wa kichanga unaotokana na kumomonyoka kwa mawe hayo ya graniti. Chini yake mara nyingi kuna itogolo, wenye tabaka gumu lisilopitisha maji. Bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa mvua. Hizi ni kazi tatu tofauti. Luseni haihitaji nguvu nyingi kulimwa. Mbuga inahitaji nguvu nyingi sana, tena kwa siku chache tu kati ya ukavu wa saruji na unyevu wa gundi. Mtu anayetafuta trekta moja la kutosheleza ncha zote mbili huishia kununua trekta la bonde na kulipandisha mlimani, na huko ndiko ajali zinakotokea. Ushauri wangu, ambao ningependa uutafakari kwa utulivu, ni kwamba ununue trekta la mlima na ukodi trekta la bonde. Ekari 8 za mbuga ni kazi ya siku mbili au tatu kwa mwaka kwa mkodishaji mwenye trekta kubwa, lakini kupandisha samadi, kufyeka na kushusha magogo ni kazi za kila wiki, na hakuna mkodishaji makini atakayekubali kuleta trekta lake jipya kwenye mawe yako.

Sasa pima mteremko. Chukua kamba ya mita 10 na pimamaji ya fundi ujenzi, au ule mpira wa maji wanaotumia kusawazisha msingi. Shikilia ncha moja ardhini upande wa juu, nyoosha kamba kwa usawa, kisha pima kutoka ncha ya pili hadi ardhini. Ukipata mita 1.8, mteremko wako ni asilimia 18. Rudia mahali pengi, hasa kwenye njia, na uandike pale palipo pabaya zaidi, kwa sababu trekta hupinduka mahali pamoja tu.

Tuseme njia yako ina asilimia 18. Trekta la HP 50 pamoja na dereva na plau linaweza kuwa na kilo 2,400. Ili lijibebe lenyewe kupanda, kabla halijavuta chochote, linahitaji msukumo wa asilimia 18 ya uzito wake, yaani kilo 432. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa hizo ni nguvu za farasi 8 kwenye magurudumu. Trekta la HP 75 lenye kilo 3,100 pamoja na zana zake litatumia zaidi ya 10 kwa kujibeba tu. Unaona kwamba sehemu ya ile nguvu uliyoinunua inatumika kupandisha chuma ulichokinunua pamoja nayo.

Hesabu ya kushuka ndiyo iliyonifanya nibadili mawazo yangu miaka ya nyuma, nami ninaomba uifuate taratibu. Chukua trekta na dereva, kilo 2,100, na tela la magurudumu manne lisilo na breki, lenye magogo, kilo 1,500. Jumla ni kilo 3,600, na kwenye asilimia 18 zinasukuma kuelekea chini kwa kilo 648. Kwenye udongo uliolowa, tairi linaweza kushika kwa kiasi cha sehemu 4 kati ya 10 za uzito lililoubeba. Kama breki ziko nyuma peke yake, na magurudumu ya nyuma yamebeba kilo 1,260, mshiko ni kilo 504 tu, ambazo hazitoshi kuzizuia zile 648, hata kama breki ni mpya na dereva ni hodari. Magurudumu yote manne yakishika, unapata kilo 840, na trekta linasimama. Lakini ukijaza tela hadi kilo 3,000, msukumo unafika kilo 918, na hapo hata 4WD haitakuokoa. Kwa hiyo tela lako lisizidi uzito wa trekta, na kwenye mteremko uliolowa liwe pungufu zaidi ya hapo. Injini kubwa haiingii popote katika hesabu hii.

Kuna mambo mawili ambayo wauzaji hawayasemi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na shamba lako liko juu zaidi, kwa hiyo injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu iliyoandikwa kwenye kibao chake, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Unaponunua 50, fikiria 45. Jambo la pili ni la kuongeza uzito kwa bei nafuu: jaza maji kwenye matairi ya nyuma hadi robo tatu. Tairi moja la trekta la ukubwa wa kati hubeba zaidi ya lita 150, kwa hiyo unapata zaidi ya kilo 300 zikiwa chini kabisa, mahali ambapo zinazuia kupinduka na kuongeza mshiko. Wenzetu wa nchi za baridi hulazimika kuchanganya dawa ili maji yasigande. Huku kwetu maji ya kawaida yanatosha.

Mwisho, Mwalimu, siyo kila mahali ambapo trekta linafika panapaswa kulimwa. Luseni ikigeuzwa kwa plau kuelekea chini ya mteremko, mvua moja ya vuli inaipeleka ziwani. Kata makinga maji kwa kufuata kontua, yaani mistari ya usawa inayokatiza mteremko, panda majani ya tembo juu yake, na kwenye sehemu za wastani tumia ripa inayopasua mstari mmoja mmoja bila kugeuza udongo, ambayo pia inahitaji nguvu ndogo kuliko plau. Kwa upande wa ziwani, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, kwa hiyo usipange njia ya trekta wala banda lake huko. Na kabla hujashusha gogo la kwanza la kuuza, pitia ofisi ya misitu ya wilaya uulize kuhusu kibali cha kuvuna na hati ya kusafirisha, hata kama mikaratusi ni ya baba yako.

Mama wa Ukerewe

Poleni na kazi ndugu zangu. Mimi si mtaalamu wa mashine, lakini ninaomba Mwalimu asome haya, kwa sababu yanahusu magogo.

Mume wangu alikuwa akivuta gogo la mkaratusi kutoka kwenye korongo, na kwa kuwa gogo lilikuwa linachimba ardhi, alihamisha mnyororo kutoka kwenye chuma cha kuvutia cha chini na kuufunga juu, pale kinapofungwa kile chuma cha kati cha kubebea plau. Aliona kwamba gogo litanyanyuka na kupita kirahisi. Gogo lilikamata kwenye mzizi, magurudumu ya nyuma yakaendelea kusukuma, na mbele ya trekta ikanyanyuka. Vijana waliokuwepo wanasema hawakuwahi hata kupiga kelele. Trekta lilirudi nyuma lote, likasimama likiwa limeegemea kisiki, na ni kisiki hicho kilichomwachia nafasi ya kupumua. Alivunjika nyonga, na leo anatembea kwa fimbo. Tunamshukuru Mungu kwa kila siku.

Trekta lile lilikuwa la zamani na halikuwa na fremu ya kinga, yaani zile nguzo za chuma nyuma ya kiti zinazozuia trekta lisimlalie dereva. Nilipokuja kujifunza kwamba Uswidi ilikwisha kulazimisha matrekta mapya yote yawe na kinga hiyo tangu 1959, nililia. Mwalimu, trekta lolote utakalochagua, dogo au kubwa, lisiingie shambani kwako bila fremu hiyo pamoja na mkanda, na mkanda ufungwe, kwa kuwa fremu bila mkanda inamwacha dereva arushwe kisha abanwe na fremu yenyewe. Likija bila fremu, usikubali kuchomelewa mabomba ya maji na fundi wa barabarani. Tafuta ile iliyotengenezwa kwa ajili ya trekta hilo na inayofungwa kwa bolti kwenye ekseli.

Na mnyororo ufungwe chini. Siku zote uwe chini.

Mkodishaji wa Kwimba

Ninaheshimu yote yaliyosemwa, lakini ninaona upande mmoja umeachwa. Trekta halilipi kwa ekari 18 za kulima. Mimi nina HP 75, na kinacholipa mkopo wangu ni mashamba ya majirani, siyo langu. Mwalimu akichukua HP 50, wakati wa msimu atakuwa anatazama wenzake wakipokea fedha kwenye mbuga, yeye akiwa na chombo ambacho hakiwezi kuvuta diski tatu kwa kina kinachotakiwa kwenye udongo mkavu. Zaidi ya hayo, vipuri vya matrekta ya HP 75 yanayovuta kwa magurudumu mawili vinapatikana kila mahali, pale Nyakato jijini Mwanza na hata Sengerema mjini, wakati mfumo wa mbele wa 4WD una mihuri, gia na viungio vya ziada ambavyo kila kimoja kinaweza kuharibika. Kama nia ni biashara, jirani yake hakukosea.

Bwana Shamba Mstaafu, Misungwi

Ndugu Mkodishaji, hoja yako ya biashara ni sahihi, nami ningeitoa mwenyewe kama Mwalimu angekuwa Kwimba, ambako mbuga zimetandaa na trekta linaweza kukaa gia moja asubuhi nzima. Lakini Mwalimu hakusema kwamba anataka kukodisha, na shamba lake lina mteremko ambao trekta lako haliwezi kuufanyia kazi kwa usalama. Kwa kweli ninyi wawili mnahitajiana: yeye akukodi wewe kwa zile ekari 8.

Mwalimu Mstaafu wa Buchosa

Ninawashukuru sana wote, na kwa namna ya pekee Mama wa Ukerewe. Mfikishie mzee salamu zangu, na umwambie kwamba maneno yenu nimewasomea vijana wangu wote wawili tukiwa tumekaa mezani, na hakuna aliyetaka kuendelea na pawatila wala na HP 85.

Jana nilipima kwa kamba na mpira wa maji. Shamba la mihogo lina asilimia 9 hadi 12. Njia ya kupanda kwenye mikaratusi ina asilimia 17 kwa sehemu kubwa, lakini kuna mita kama 30 karibu na yale mawe ambapo nilipata 24. Upande wa kaskazini, ambao nilikuwa nimepanga kuufungua kwa ajili ya mananasi, nilipata 29. Pengo kati ya mawe ni mita 2.15 chini na mita 1.94 usawa wa kifua, kama dereva alivyotabiri, kwani jiwe la kushoto lina tumbo.

Kwa hiyo nimeamua yafuatayo. Upande wa kaskazini hautalimwa, nitauacha uungane na ngitili. Nitatafuta trekta la HP 45 hadi 55, la 4WD, lenye fremu ya kinga, ambalo upana wake baada ya kurekebisha rimu hauzidi mita 1.75. Kwa bonde nitakodi mtu wa kulima, na kama Ndugu Mkodishaji anaweza kuvuka daraja la Kigongo kuja huku, tuzungumze kabla ya vuli. Zile mita 30 zenye asilimia 24 nitazichongea njia mpya inayozunguka kwa kukata mteremko taratibu, hata kama itachukua kiangazi chote kwa majembe na sululu.

Nimebakiwa na swali moja. Nimeonyeshwa 4WD iliyotumika ya HP 50 hapa Mwanza mjini. Nikague nini hasa upande wa mbele, kwa kuwa huko ndiko Ndugu Mkodishaji alikotutahadharisha?

Dereva wa Magu

Mwalimu, umeamua vizuri, na ile njia ya kuzunguka ni bora kuliko trekta lolote utakalonunua.

Anza na matairi. Kwenye 4WD, matairi ya mbele na ya nyuma yanatakiwa yawe ya vipimo vinavyolingana kama kiwanda kilivyopanga, kwa sababu gia za mbele na za nyuma zimefungwa kwenye uwiano mmoja. Mwenye trekta akiwa amebadilisha ya nyuma kwa saizi nyingine iliyopatikana kwa bei nafuu, ekseli ya mbele inapigana na ya nyuma kila inapogusa ardhi ngumu, na gia zinakatika. Soma namba ubavuni mwa matairi yote manne na uzilinganishe na kitabu cha trekta. Kisha angalia nyuma ya vikombe vya magurudumu ya mbele: pakiwa na oili iliyochanganyika na vumbi, mihuri imekwisha, na huenda oili ya ndani imekuwa na maji. Fungua kifuniko cha difu ya mbele, yaani sanduku la gia katikati ya ekseli, chovya kijiti, uone. Oili yenye rangi ya maziwa ni dalili ya maji. Nyanyua mbele kwa jeki na ulitikise kila gurudumu kwa mikono juu na chini, likicheza uliza bei ya beringi kabla hujauliza bei ya trekta.

Halafu usilipe mpaka umelijaribu mlimani. Mwanza mjini hakuna uhaba wa vilima. Mwombe muuzaji mpande pamoja mahali penye mteremko kama wako, ukiwa na gia ya chini, simamisha katikati, weka breki ya mkono, zima injini, usubiri dakika tano. Likibaki pale, washa, weka 4WD na ushuke nalo bila kugusa breki. Ukiniambia siku, nitakuja kutoka Magu tulijaribu pamoja, na fremu na mkanda nitavikagua mwenyewe.